Benchi la Nje: Mgonjwa akae, tuzunguke sisi

Barua za mwezi huu nimezisomea kivulini hapa Dodoma, jua la Oktoba likipasua kichwa. Nimechagua nne kwa sababu zote zinamhusu mtu mmoja: mgonjwa wa miaka yote, yule ambaye huwezi kumwambia "umepona, nenda na amani." Walioniuliza habari za vitambi na majani ya mlonge wanisamehe, zamu yao Desemba.

Shikamoo Sista. Mimi ni tabibu, mganga mfawidhi wa kituo cha afya wilayani Bahi. Kwenye rejista ya magonjwa sugu nina watu 240: presha, sukari, pumu, kifafa, na watoto wachache wa selimundu. Kila ugonjwa una siku yake, na wengi wana magonjwa mawili au matatu, kwa hiyo nawaona wakija na kurudi kutwa. Nimepewa vyumba viwili vilivyokuwa stoo, na mdau mmoja ameahidi samani. Nataka kliniki moja inayomtazama mtu mzima, isiyomgawa viungo. Nimechora ramani: chumba cha daktari, cha lishe, cha ushauri nasaha, cha mazoezi ya viungo, cha ustawi wa jamii, cha dawa na cha maombi. Ni vyumba saba na mimi ninavyo viwili. Watumishi ni mimi, wauguzi wawili, mtu wa maabara, mtoa dawa na mhudumu. Ofisa lishe na ofisa ustawi wa jamii wako makao makuu ya wilaya. Nianzie wapi? Na waganga wa tiba asili, niwaite au nikae nao mbali? — Tabibu, Bahi

Marahaba mwanangu. Ramani yako niliicheka, kisha nikanyamaza, maana hata mimi niliwahi kuichora.

Ilikuwa mwaka 2009, kituo sikitaji. Mfadhili alileta hela, tukapaka rangi, tukabandika vibao kwenye milango sita. Siku ya kwanza mgonjwa aliandikishwa mlango huu, akapimwa ule, akamwona daktari wa tatu, akafundishwa chakula wa nne, akapewa nasaha wa tano, akachukua dawa wa sita. Kila mlango una benchi, kila benchi lina foleni. Saa tisa alasiri gari la mwisho la vijijini likaondoka, na watu kumi na mmoja walikuwa bado benchi la nne. Walilala barazani. Mmoja wao alikuwa na sukari na hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, kwa sababu sisi wenyewe tulimwambia aje na njaa.

Asubuhi mzee mmoja wa Kigogo, mfugaji, akaniita pembeni. "Sista," akasema, "ng'ombe wangu nikiwapeleka josho wanaingia huku wanatokea kule, mara moja basi. Nyie mmenichovya mara sita na bado sijatoka."

Tangu siku ile kliniki yoyote naipima kwa josho. Kwa hiyo vyumba saba vifute. Hivyo viwili vinakutosha, na nasema hivyo bila kukuliwaza. Kimoja weka meza ndefu moja: mwanzo wa meza muuguzi wa presha na uzito, katikati wewe, mwisho mtoa dawa na sanduku lake. Cha pili kiwe cha pazia, cha kuvua nguo na kusema yasiyosemeka mbele za watu. Mgonjwa akikaa kitini, amekaa. Kama anahitaji neno la chakula, anayejua chakula ainuke amfuate. Mwenye magoti mabovu haambiwi "pita chumba namba tano."

Kabla ya meza kuna mfuko. Mwezi mzima kabla hujafungua, mwambie kila mgonjwa aje na dawa zake zote, hata za dukani, hata za kuchemsha. Nina sababu. Bibi mmoja wa Chamwino alikuja kwangu na kifuko cha kitenge, akakimimina mezani. Kulikuwa na madaftari matatu ya shule yaliyolowa mafuta ya kupikia, moja la presha, moja la sukari, moja la magoti. Kulikuwa na bahasha za dawa kumi na nne, na mbegu za alizeti zilizopotea njia. Nikazipanga dawa mstari. Amlodipini, dawa ya presha, ilikuwamo mara mbili, pakiti moja kwa jina la dawa yenyewe, nyingine kwa jina la kiwanda, naye anazimeza zote. Miguu ikavimba, maana amlodipini ikizidi ndiyo tabia yake. Aliyemwona kwa magoti akaona uvimbe, akaandika dawa ya kukojoza, ambayo uvimbe wa namna ile haiuondoi. Bibi akawa anaamka mara nne usiku kwenda choo cha nje. Usiku mmoja akajikwaa kwenye kuni akavunjika mkono. Majirani walishasema miguu imerogwa.

Wataalamu watatu, wote wamesoma, kila mmoja ameandika vizuri kwenye daftari lake. Hakuna aliyefungua la mwenzake.

Ndiyo maana nakwambia kliniki yako ni karatasi moja. A4, upande mmoja, inakaa kwenye faili moja hata awe na magonjwa matano. Iwe na dawa zote, vipimo vya mwisho na tarehe ya kurudi, na juu kabisa mstari mmoja wa maneno yake mwenyewe: anataka nini. Usiandike "kudhibiti presha", hayo ni maneno yako. Mzee mmoja mwaka jana alituambia anataka kupanda SGR kwenda Dar kumwona mjukuu, lakini anaogopa kuomba njia kila dakika kwenye behewa. Dawa ya kukojoza alikuwa anaimeza alfajiri. Tukamwambia siku ya safari aimeze akifika. Alikwenda, na tangu hapo dawa zake hakosi, kwa sababu kuna mtu alimsikiliza habari ya treni.

Sasa hesabu. Watu 240 ukiwaita wote kila mwezi kwa siku nne za kliniki, ni 60 kwa siku. Saa sita za kazi ni dakika 360. Dakika 6 kwa mtu, na humo ndani ameingia, amekaa, amesalimia. Hapo hakuna mtu mzima unayeweza kumtazama. Lakini chukua theluthi mbili, wale 160 waliotulia, wape dawa za miezi mitatu kama bohari inakuruhusu. Kwa mwezi watakuja kama 53. Ongeza 80 wasiotulia, wanaokuja kila mwezi. Jumla 133, siku moja 33 au 34. Zinapatikana dakika karibu 11. Dakika 11 zinatosha kuvua viatu.

Viatu nimevitaja makusudi. Miguu ya mgonjwa wa sukari huku kwetu ina adui ambaye vitabu vya nje havimtaji, mwiba wa mgunga. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba. Nimemwona mkulima aliyetembea na mwiba siku tisa ndani ya kandambili, anakuja kwangu kwa ajili ya harufu. Kwa hiyo kila ziara soksi chini, kandambili chini, tazama nyayo, tazama katikati ya vidole. Ule uzi wa nailoni wa gramu 10 wa kupimia ganzi ukiupata ni vizuri, usipoupata gusa vidole kwa ncha ya kidole chako huku amefumba macho. Na makatambuga ya tairi usiyadharau, mwiba hauyapenyi kirahisi. Mwambie tu apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Presha nayo. Mtu ameshuka kwenye bodaboda, vumbi la Bahi liko kopeni, anafungwa mkanda papo hapo, inasoma 160 kwa 100, anaongezewa dawa. Mwache akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na wewe nyamaza. Pima mara mbili. Tafuta na mkanda mpana kwa mama zetu wenye mikono mikubwa, mkanda mdogo hudanganya kwenda juu.

Samani za yule mdau mwombe azibadilishe. Makochi ya nini? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo wa vituo vidogo kama chako, na vifaa vyake havijazi hata kabati: mashine ya presha, mizani, futi ya kitambaa, kipima sukari na vijiti vyake, vijiti vya mkojo, kipimo cha kupuliza kwa wenye pumu. Kwenye vijiti mkazanie sana. Kipima sukari bila vijiti ni pambo. Kile kichupa cha kuvutia dawa ya pumu kwa watoto, kama hakuna, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri inafanya kazi ileile.

Mfano wa kliniki ya namna hii usiufuate mbali. Vuka uwanja uingie CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, wenzetu wale wamejifunza mambo ambayo sisi wa presha bado tunayaota. Wana faili moja na tarehe inayofuatiliwa, asiyefika anapigiwa simu, na kuna waviu washauri, wagonjwa wenyewe wanaowashika mkono wageni. Wewe kwa wenye sukari una nani? Kwenye rejista yako hakosi mama mwenye sauti, mwenye miaka kumi ya sukari na miguu yake mizima. Mpe kiti mlangoni. Mgeni atamuuliza yeye yale ambayo wewe hatakuuliza.

Kuhusu wataalamu wa wilayani, ukiambiwa uchague mmoja tu wa kuja mara moja kwa mwezi, chagua ustawi wa jamii. Najua ofisa lishe atanikasirikia. Lakini mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha, na mara nyingi hana karatasi ya kumtambulisha. Mgonjwa anayepewa cheti akanunue dawa mjini wakati mbuzi wa mwisho ameshauzwa, huyo hata umfundishe chakula kwa picha za rangi, presha haishuki. Mengi tunayoandika kwenye faili kuwa "mtoro wa kliniki" ni nauli.

Na hapo kwenye nauli, siku ya kliniki iweke siku ya mnada. Nilipolisema hili mara ya kwanza nilichekwa, wakasema wanaume watakuja wanatoka kwenye nyama choma. Walikuja, kweli. Lakini walikuja! Siku ya mnada ndiyo siku gari lipo, nauli iko chini, na mtu ana hela mkononi. Wapime asubuhi tu, kabla mishkaki haijakolea.

Wako wanaosema mambo haya ya mtu mzima ni fasheni mpya. Kule London mwanamke mmoja, Cicely Saunders, alianza kuwa muuguzi, mgongo ukamkatalia, akawa ofisa ustawi wa hospitali, kisha akasoma tena akawa daktari mwaka 1957. Mwaka 1967 akafungua nyumba ya wagonjwa mahututi, St Christopher's, na fundisho lake lilikuwa kwamba maumivu ya mtu yana mwili, yana moyo, yana familia na yana imani ndani yake, yote kwa pamoja. Alikuwa timu nzima ndani ya gauni moja. Wewe hutampata mtu kama huyo Bahi. Ndiyo maana unahitaji kikao cha asubuhi, dakika ishirini, watu wote sita akiwemo mhudumu, na mafaili ya siku hiyo. Mhudumu usimwache nje. Yeye ndiye anayejua nani alilia chooni.

Kuhusu moyo: usiandike mlangoni "afya ya akili." Huku kwetu neno hilo watu wanalisikia "Mirembe," ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na anayetajwa Mirembe kijijini ameshapewa jina. Uliza maswali mawili tu, pazia likiwa limefungwa: wiki hizi mbili umekosa hamu au raha ya mambo uliyozoea? Umekuwa mnyonge, moyo umevunjika? Akisema ndiyo, siku nyingi, mwongezee dakika. Mtu wa sukari aliyekata tamaa hamezi dawa, na hatakwambia.

Chumba cha maombi huhitaji. Mwembe unao? Basi.

Waganga wa tiba asili, swali lako la mwisho. Mwaka 2011 mafuriko ya watu yalikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, yule mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Kutoka Dodoma walikwenda wengi, na kliniki nyingine tulibaki na viti. Wako walioacha dawa, na wengine tuliwapokea tena hali ikiwa mbaya. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye nikaanza kuiwaza ile foleni. Mwenye sukari, mwenye presha, mwenye virusi, mwenye pumu, wote mstari mmoja, siku moja, mtu mmoja anayewatazama usoni. Dawa ile sina la kuisifia, lakini foleni ile ilitusuta.

Kwa hiyo usiwape chumba, lakini usikae mbali. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake linasajili waganga. Anza na waliosajiliwa. Waombe mambo mawili tu: mwenye kidonda cha mguu asikae kwao hata usiku mmoja, na mtoto anayeanguka kifafa asikatishwe dawa. Halafu mgonjwa muulize mitishamba anayotumia bila kukunja uso. Kuna mizizi inayoshusha sukari kweli, na ikikutana na glibenklamidi, kidonge cha sukari, mtu anaanguka jikoni. Ukikunja uso mara moja, hutaambiwa tena.

Mama, shikamoo. Mama yangu yuko Kongwa, ana presha, sukari na magoti. Mwezi uliopita tumekwenda kliniki siku nne tofauti. Kuhusu chakula nimechanganyikiwa: mmoja kasema aache ugali kabisa, mwingine kasema ale dona, wa tatu kasema ugali wa uwele hauna shida ale ashibe. Mama mwenyewe amekasirika, anakula anachotaka. Nifanyeje? Magoti anayanunulia diklofenaki, ile dawa ya maumivu, duka la dawa kila wiki. — Binti wa mwisho, Kongwa

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole, nami ningekasirika.

Kuhusu siku nne, soma nilivyomjibu Tabibu wa Bahi, halafu usingoje kliniki yenu ijengwe. Chukua karatasi, andika dawa zake zote, ishike mkononi kila mnapoingia, na kila chumba omba tarehe zenu ziletwe siku moja. Wengine watakataa. Wengine, ukiomba kwa adabu na kutaja nauli, wanabadilisha kalamu papo hapo.

Chakula sasa. Kumwambia Mgogo aache ugali ni kumwambia ahame. Uwele na mtama vina makapi-mlo na virutubisho kuliko sembe nyeupe, na kwa wengi sukari haipandi kwa kasi ileile, lakini bado ni ugali. Ule wa kushiba mpaka mkanda ulegezwe unapandisha sukari hata ukiwa wa uwele wa shambani kwenu. Tazama sahani yake. Nusu iwe mboga, robo iwe kunde, maharage, nyama au maziwa mgando, robo ugali, kama ngumi yake yeye mama, siyo ya kaka yako. Kama mnakula sinia moja, hapo ndipo kwenye kazi, kwa sababu sinia haina robo. Mpakulie pembeni kwa heshima, sahani nzuri ya wageni, asione ametengwa.

Mlenda ni rafiki yake. Magadi yaliyomo ndiyo siyo. Nimekaa majiko mengi ya huku, najua mlenda bila magadi unaonekana kama adhabu, lakini magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo, na mwenye presha anayapata mara mbili, kwenye magadi na kwenye chumvi. Mpunguzie kidogo kila wiki, ulimi utazoea. Chumvi ya kutwa, ya mtu mmoja, isizidi kijiko cha chai, ikiwamo ya kwenye mboga. Na zabibu zikiiva msimgombeze, konzi moja, siyo kichana na kingine cha njiani.

Lililonishtua kwenye barua yako ni magoti. Uliandika mwishoni, kama vile ni jambo dogo, kwamba ananunua diklofenaki duka la dawa kila wiki. Dawa hiyo hupandisha presha na huumiza figo, na mtu wa sukari na presha figo zake tayari ziko vitani. Iache, mkamweleze tabibu, aombe nyingine, na mkojo wake upimwe protini. Magoti yenyewe yanapenda kutumika: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, auhesabie mpaka kumi, aushushe. Asubuhi na jioni, kabla ya chai. Chai yenyewe ina vijiko vingapi? Hukuniambia.

Sista, mtoto wetu ana miaka tisa, anachoma insulini. Hatuna umeme wala friji, tuko Chemba. Duka la dawa wametuambia bila friji itaharibika. Tunaiweka kwa jirani mwenye friji, lakini ni kilomita mbili. — Baba, Chemba

Baba, kichupa ambacho mtoto anakitumia sasa hivi kinakaa nje ya friji kama wiki nne kikiwa mahali pa baridi, nyuzi 25 hadi 30 usizidi. Vichupa ambavyo hamjavifungua ndivyo viendelee kukaa kwa jirani, katikati ya friji, siyo kwenye barafu. Ikishaganda mara moja itupe, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Nyumbani tumia kile bibi zetu walichopozea maji. Chukua chungu kikubwa cha udongo, weka kidogo ndani yake, katikati ujaze mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, kaa nacho kivulini panapopita upepo. Insulini iwe ndani ya kopo lenye kifuniko ili isilowe. Hewa yetu ya huku ni kavu, kwa hiyo maji yanakauka haraka na chungu kinapoa kweli. Nduguzo wa Tanga wakijaribu hawatapata ubaridi huo. Oktoba na Novemba, saa nane mchana, usikiache chumba chenye bati lisilo na dari.

Jambo moja zaidi. Mtoto akiumwa homa, hata asipokula, insulini isikatwe kwa mawazo yenu. Mpeni maji na mwende kituoni siku hiyohiyo. Akitapika, ndani ya saa hiyo.

Sista, nakusoma tangu zamani. Mimi ni muuguzi Singida. Tumejaribu hicho kikao cha asubuhi unachokisifia. Wiki ya kwanza tulikuwa wanane, ya pili watano, ya tatu mimi na daktari. Wenzangu wanauliza posho iko wapi. — Mwenzako

Mwenzangu, posho haikuwepo na haitakuwepo. Sisi tulichanga shilingi mia tano kila Jumatatu, mhudumu akachemsha chai ya tangawizi na sufuria la viazi vitamu. Saa moja na nusu watu wako mezani, wamekuja kwa ajili ya viazi, na mafaili yako katikati ya vikombe. Chapati tuliziondoa baada ya mwezi. Siku moja tulijipima sukari kwa utani, tukakuta wawili wetu wanastahili kuandikwa kwenye rejista. Mmoja alikuwa mimi.